Urithi wa Dunia, lakini paa anaezeka nani?

Kaa barazani Mji Mkongwe wa Zanzibar, Shangani au Malindi, halafu muulize mwenye nyumba kwa nini hajang'oa yale madirisha ya mbao yaliyooza akaweka ya alumini. Mara nyingi atakujibu kwa neno moja: UNESCO. UNESCO hawataki. Muulize jirani yake kwa nini nyumba ya pili imeachwa mpaka ukuta umetoa tumbo, jibu litakuwa lilelile, safari hii kwa lawama: UNESCO wapo tu, hela hawatoi.

Nayaelewa majibu yote mawili, lakini yote mawili yamebisha hodi mlango usiohusika. Hakuna ofisa wa UNESCO mwenye mamlaka ya kumzuia mtu wa Malindi kubadilisha dirisha lake. Anayemzuia ni sheria ya Zanzibar, kupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, miaka 15 kabla ya mji huo kuingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Na hela za kuunyoosha ukuta, UNESCO hawakuahidi kuzitoa tangu mwanzo. Mkanganyiko huu utaukuta Lamu, utaukuta Kampala, na hata Ulaya watu hugombana juu yake. Unatokana na jina lenyewe. Ukisikia "Urithi wa Dunia" unadhani dunia imekuja kuuchukua, au angalau kuulipia.

Nadhiri ya mwaka 1972

Mkataba wenyewe wa Urithi wa Dunia ulipitishwa Paris Novemba 1972. Tanzania iliuridhia 1977, na leo umeridhiwa na nchi zaidi ya 190. Kifungu chake cha nne ndicho watu wachache hukisoma, nacho ndicho kinachomaliza ubishi: wajibu wa kulitambua, kulilinda, kulitunza na kulirithisha eneo ni wa nchi lilipo eneo hilo kwanza, kwa kadiri ya uwezo wake wote. Dunia huja baadaye, kama msaidizi. Kuandikishwa, kwa hiyo, ni kama kuweka nadhiri. Unaitamka mbele ya watu, watu wanakushuhudia, lakini mdaiwa ni wewe.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Nchi huorodhesha kwanza maeneo inayotarajia kuyapendekeza, kisha huandaa faili lenye ramani, historia, mipaka, ulinganisho na maeneo mengine ya aina yake, na mpango wa usimamizi. Wataalamu wa nje huja kukagua: ICOMOS kwa majengo na mambo ya utamaduni, IUCN kwa maeneo ya asili. Mwisho kamati ya nchi 21, zinazochaguliwa kwa zamu, hukaa na kuamua kama eneo limetimiza angalau kigezo kimoja kati ya 10 vilivyowekwa. Sita vinahusu utamaduni, vinne maumbile. Ngorongoro iliingia 1979 kwa maumbile yake peke yake, na ilichukua hadi 2010 kutambuliwa kwa upande wa utamaduni pia.

Faili hilo si karatasi za kujaza jioni moja. Linataka wapimaji, wanahistoria, wachoraji na miaka ya kazi. Ndiyo maana orodha yenye maeneo zaidi ya 1,200 imeinama upande mmoja: Italia peke yake ina takriban 60, wakati Afrika yote kusini mwa Sahara haifiki sehemu moja ya kumi. Sidhani kuna mtu anayeamini kwamba historia yetu ni fupi kiasi hicho. Tofauti iko kwenye nani ana wataalamu wa kuliandika faili na bajeti ya kuwalipa.

Mawe yalihamishwa kwa uangalifu

Wazo la kwamba jengo lililo nchi moja linaweza kuihusu dunia nzima lilipata nguvu Misri. Serikali ilipoamua kujenga Bwawa Kuu la Aswan, mahekalu ya Nubia yalikuwa yazame chini ya ziwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziliomba msaada UNESCO, na mwaka uliofuata kampeni ikaanza. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu ya Ramses II kule Abu Simbel yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, vikapandishwa mita 65 hivi juu ya pale yalipokuwa na kuunganishwa upya. Nchi zipatazo 50 zilichangia. Dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini bonde lile lilikuwa na watu. Wanubi wapatao laki moja, wa Misri na wa Sudan, walihamishwa na ziwa hilohilo. Wa Misri wakapelekwa Kom Ombo, na wa Wadi Halfa wakapelekwa mbali kabisa Khashm el-Girba, mashariki mwa Sudan. Mitende yao ilizama, makaburi yao yalizama. Hekalu lilipewa mlima wa kutengeneza ili lifanane na kwao kwa zamani. Wanubi walipewa nyumba za safu za zege mbali na mto.

Nataja hili kwa sababu mfumo mzima ulizaliwa pale, na kasoro ile imeufuata. Nchini Kenya, Waendorois waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Februari 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa, kwamba haki zao zilikiukwa. Mwaka uliofuata ziwa hilohilo likaandikishwa kuwa Urithi wa Dunia bila wao kushirikishwa ipasavyo, na Tume ikabidi itoe azimio la kulalamika. Kwa hiyo mtu wa Ngorongoro anayesita akisikia neno "uhifadhi" hana haja ya kuelezewa maana ya neno hilo.

Kibao cha hatari na mlango wa kutokea

Kama UNESCO haina askari, ina silaha gani? Inayo moja kubwa: aibu. Eneo likichakaa au likitishiwa, kamati inaweza kuliweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Serikali nyingi huipokea orodha hiyo kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa mwenendo wa mtoto. Zanzibar walilisikia tishio hilo hoteli ilipoinuka kando ya jengo la Mambo Msiige, kwa kimo na ukubwa ambao kamati iliulalamikia. Jina la jengo hilo lilikuwa linatahadharisha tangu karne ya 19, ila hakuna aliyesikiliza.

Kumbe orodha ya hatari iliwekwa ili isaidie, na mfano mzuri tunao nyumbani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikishwa 1981. Huu ndio mji ambao msafiri Ibn Battuta aliuzuru 1331 na kuusifia kwa uzuri wa majengo yake. Kufikia 2004 hali ilikuwa mbaya: mawimbi yalikuwa yanaula ufuko chini ya ngome iitwayo Gereza, miti ilikuwa imeotea ndani ya kuta na mizizi yake inazipasua, na mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu za maji ilikuwa imekatwa. Yakatiwa kwenye orodha ya hatari. Ikafuata miaka 10 ya kazi ambayo haina picha nzuri za kupiga: kuta za kuzuia bahari, miche ya mikoko iliyopandwa matopeni, mipaka iliyopimwa upya, wanakijiji waliofundishwa kuunga mawe kwa chokaa. Mwaka 2014 yakatolewa. Wafadhili wa nje walichangia, kweli. Ila anayeuona mche wa mkoko umeng'olewa na maji asubuhi ni mtu anayeishi Kilwa.

Na eneo likishindikana? Hufutwa. Hadi sasa limetokea mara tatu tu. La kwanza lilikuwa Oman, mwaka 2007: hifadhi ya choroa wa Arabuni ilipunguzwa kwa asilimia 90 na serikali yenyewe huku utafutaji wa mafuta ukiendelea, na choroa waliokuwa 450 wakabaki 65. La pili ni bonde la mto Elbe kule Dresden, 2009, kwa sababu ya daraja. La tatu ni bandari ya Liverpool, 2021, kwa sababu ya majengo mapya kandokando ya maji. Dresden ndiyo inayonifikirisha zaidi. Wakazi walipiga kura ya maoni 2005, na wengi walilitaka daraja. Walichagua kupunguza foleni wakaacha jina. Daraja liko pale, watu wanapita, watalii hawakuacha kuja. Aibu inafanya kazi kwa yule tu anayejali kuaibika.

Vipi kuhusu pesa? Upo Mfuko wa Urithi wa Dunia, lakini huingiza dola milioni chache tu kwa mwaka. Ukizigawa sawasawa kwa maeneo yote, kila moja litaambulia dola elfu chache, ambazo mjini hazitoshi kubadilisha sakafu ya nyumba moja ya ghorofa.

Nyumba ya mawe hufa kuanzia juu

Tuache mikutano, tuingie ndani ya nyumba yenyewe, maana nyumba huokolewa au huuawa humo.

Nyumba ya mawe ya pwani imejengwa kwa matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la maisha ya watu: kwa kuwa boriti nzuri haivuki sana mita tatu, chumba cha Kiswahili kikawa kirefu na chembamba. Lamu miti hiyo ina majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Nyumba hiyo haifi kwa siku moja. Huanza na bati lililotoboka au mfereji wa paa ulioziba, jambo la fundi wa nusu siku. Maji ya masika yanaingia ndani ya unene wa ukuta, yanaulainisha udongo uliomo katikati. Ncha za boriti zilizozikwa ukutani zinalowa na kuoza, na huwezi kuziona kwa sababu zimefunikwa. Sakafu inalegea. Boriti hizo ndizo zilikuwa zinaufunga ukuta wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo zikioza ukuta unaanza kutoa tumbo kuelekea uchochoroni. Mtu anaona ufa, anaita fundi, fundi anaupiga lipu ya saruji, nyumba inapendeza.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi. Chokaa hupumua: maji yakiingia ukutani hupata njia ya kutoka tena jua likiwaka. Saruji ni ngumu na imejifunga. Unyevu uliokwisha kuingia unabaki ndani pamoja na chumvi ya bahari, jiwe linageuka unga nyuma ya ngozi safi, na siku moja ngozi hiyo inaanguka kwa kipande kizima ikiwa imebeba uso wa ukuta. Ni kama kumvisha mgonjwa wa homa koti la mvua. Mafundi wazee wanalijua hili bila kusoma ripoti yoyote. Lakini chokaa nzuri inataka matumbawe yachomwe, yazimwe kwa maji, yaachwe yalowe kwa wiki kadhaa au miezi, kisha lipu yenyewe imwagiwe maji na kupigwapigwa wakati inakauka. Mfuko wa saruji uko dukani sasa hivi. Mwenye nyumba aliyepata hela kidogo kabla ya Ramadhani unadhani atachagua nini?

Pana na fumbo jingine ambalo halimo kwenye vipeperushi. Kilwa inaokolewa na mikoko iliyosimama. Mji Mkongwe na Lamu vinaokolewa na mikoko iliyokatwa. Februari 2018 Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wakata mikoko wa Lamu walikuwa miongoni mwa walioguswa, na wao ndio wanaoupatia mji ule boriti. Sheria mbili, zote za uhifadhi, zinavutana kwenye mti mmoja. Suluhisho lipo, msitu uvunwe kwa mpango na uachwe upumzike, lakini linataka ofisi ya misitu na ofisi ya makumbusho zikae meza moja.

Wakfu ulikuwapo kabla ya UNESCO

Kuna jambo ambalo huwa nasikitika kulikosa katika mazungumzo ya urithi, hasa yanapofanyika kwa lugha za wageni. Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake wa kutunza majengo kwa vizazi: wakfu. Mtu alitoa nyumba, duka au shamba la minazi, lisiuzwe wala lisirithiwe, mapato yake yaende msikitini, kisimani, kwa maskini au kwa kizazi chake. Msimamizi, yaani mutawali, aliwajibika. Na katika fikihi limo sharti ambalo mhifadhi wa leo angelipenda sana: mapato ya wakfu huanza kuitengeneza mali yenyewe, ndipo mnufaika apate chake. Paa kwanza, mgao baadaye. Huo ndio mpango wa usimamizi na mfuko wake, vyote katika waraka mmoja, karne nyingi kabla ya Paris.

Sisemi kwamba wakfu haukuwa na wezi. Walikuwapo, na mahakama za kadhi zilijaa kesi zao. Zanzibar bado kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na nyumba zake. Ila mfumo uliouzunguka mji mzima ulivunjika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawiwa familia zilizohitaji mahali pa kuishi, na haja ile ilikuwa ya kweli. Ila nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikawa ya familia tano, kodi ikawa ndogo, na bafu likaongezwa ghorofani bila mtu wa kuuliza maji yake yanapita wapi. Nyumba ya watu watano ikivuja juu, wa juu anasema si yangu, wa chini anasema hainifikii. Si kwamba watu hawana uzalendo. Hakuna tu anayekula mapato ya nyumba na wakati huohuo akabanwa kuitengeneza.

Kipi ni cha asili?

Swali la mwisho ni gumu kuliko yote: jengo likishaharibika, ukilijenga upya, bado ni lilelile?

Mkataba wa Venezia wa 1964, ambao wahifadhi wa Ulaya waliuchukua kama msahafu, uliegemea kwenye jiwe la asili. Kwa majengo ya mawe ya Ulaya hilo lina maana. Lakini Japani kuna madhabahu ya Ise, ambayo hujengwa upya kwa mbao mpya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013, na hakuna Mjapani atakayekwambia kuwa ni ya jana. Ndiyo maana mwaka 1994, katika mji wa Nara hukohuko Japani, wataalamu walikubaliana kwamba uhalisi unaweza kukaa katika ufundi, matumizi na mapokeo, si katika kitu chenyewe peke yake.

Makubaliano hayo yalikuja kupimwa Uganda. Usiku wa Machi 16, 2010, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi iliungua. Ndani yake wamelazwa Makabaka, yaani wafalme, wanne wa Buganda, kuanzia Muteesa I. Nyasi na miti vikawa majivu. Kilichobaki ni ujuzi, na ujuzi wenyewe una wenyewe: kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, mapambo ni ya ukoo wa Ngo, na ndani ya paa huwa na pete 52 kwa idadi ya koo. Waezekaji wazee walikuwa wachache, ikabidi vijana wafundishwe upya kuchagua nyasi na kuzifunga. Hata kuanza kazi kulingoja miiko itimizwe. Kasubi iliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka uleule na ikatoka 2023. Miaka 13 kwa paa la nyasi! Aliyezoea makandarasi anaweza kucheka, lakini waliorudi kazini si nyasi tu.

Timbuktu, nchini Mali, ilikuwa hivyohivyo. Wapiganaji walipobomoa makaburi ya mawalii mwaka 2012, waliyajenga tena mafundi wa udongo wa mji huohuo, wenye chama chao cha urithi wa ufundi, na kazi ikakamilika 2015. Mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mmoja wa wapiganaji hao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, miaka 9 jela kwa ubomoaji ule. Hukumu ile ilikuwa muhimu. Lakini jaji hakandi udongo.

Na sasa turudi Zanzibar, Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya kasri la Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati mafundi wakiwa kazini, na watu wawili walifariki. Jengo lilikuwa limefungwa tangu 2012 kwa ubovu wake, na mradi wa kulitengeneza, kwa fedha za Oman, ulikuwa umeshaanza. Sultani Seyyid Barghash alilijenga 1883 kwa nguzo za chuma na kumbi pana ambazo boriti ya mkoko isingeweza kuzibeba. Picha ya mnara ule kila mtu anayo kichwani, na tangu siku ile watu wanasema lazima urudishwe kama ulivyokuwa.

Kama ulivyokuwa lini? Barghash hakuuacha mnara pale. Wa zamani ulisimama peke yake mbele ya kasri, ukavunjwa na mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya chai ya saa nne. Ule tuliouzoea uliunganishwa na jengo mwaka uliofuata, mafundi walipokuwa wanaziba matundu ya mabomu. Ulikuwa kiraka.